Dawa ya Bi Mkubwa

Mimi ni mfamasia, na ni mtu wa hasira za karibu. Mambo haya mawili hayakai vizuri kwenye dirisha moja, lakini ndivyo nilivyozaliwa na ndivyo nilivyoajiriwa. Kwetu ni Tanga, kwa watu wanaoongea mpaka usingizi uwanyamazishe. Barua ya kupangiwa kazi iliponitaja Kibondo nilimuuliza mama, "Kibondo ndiyo wapi?" Mama, ambaye maisha yake yote hajavuka Morogoro, akanijibu kwa uhakika kabisa, "Mbele." Basi nikaenda mbele.

Huko mbele kulikuwa na baridi ambayo hakuna aliyenionya. Nilikuwa nimefungasha madira na ndala, msichana wa watu. Wiki ya kwanza nikanunua sweta mbili za mtumba sokoni, nikazivaa zote kwa pamoja, nikaingia kazini nimejaa kuliko shangazi yangu. Wafanyakazi wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja wao, mwalimu wa Kiha niliyejichagulia mwenyewe, alinifundisha kusema "mwakeye" asubuhi na kupiga makofi taratibu ninapomsalimia mtu mzima, na kwa hayo mawili nikaanza kuonekana binadamu.

Kilichonishinda ni dirisha la dawa. Mimi nilifundishwa kwamba mgonjwa ni mmoja, ana cheti chake, unamwita, unampa bahasha, unamweleza, anakwenda. Kibondo akiumwa mmoja wanakuja watano. Siku moja lilifika kundi kutoka Kumsenga: mzee anayekohoa, mkewe, mdogo wake, jirani, na mke wa jirani aliyebeba ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese. Nikauliza, "Mgonjwa nani hapa?" Wakatazamana. Mdogo wa mzee akajibu kwa utulivu, "Ni sisi." Jamani! Nikaeleza dawa, moja asubuhi, moja mchana, moja jioni, kwa siku tano. Wakairudia mmoja baada ya mwingine, wote watano, na mke wa jirani akakosea, wakamsahihisha, akarudia tena. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mimi nilidhani wananifanyia mzaha, nikatoa povu lote nililokuwa nalo siku hiyo. Walinisikiliza kwa adabu, wakashukuru, wakaondoka na mgonjwa wao katikati.

Lazima nikiri kwamba nilikuwa nimeonywa kuhusu mambo hayo, na nimeonywa darasani. Chuoni tulikuwa na somo la sosholojia ya afya na ugonjwa. Kwetu lilikuwa somo la kufaulu, halikuwa somo la kusoma. Sisi tunavunjika vichwa na kemia ya dawa, halafu anakuja mwalimu mpole mwenye miwani kutuambia kwamba mtu haumwi mwenyewe, anaumwa pamoja na nyumba yake, na kwamba kidonge kikishatoka dirishani kinaingia kwenye maisha ya watu yenye sheria zake. Tulikuwa tunamwitikia "ndiyo mwalimu" huku tunachati chini ya meza. Daftari lake nililisoma asubuhi ya mtihani nikiwa kwenye foleni ya chai, nikapata B, na mchana nilikuwa nimeshalisahau.

Baada ya miaka mitatu nikahamishiwa Kasulu. Nilifurahi, kwa sababu Kasulu mji umechangamka, kuna maduka ya watu wa pwani ambako unaweza kupata iliki na mtu wa kukutania kwa lafudhi ya nyumbani. Kazini nikapewa dirisha la kliniki ya presha na sukari, kila Jumanne. Huko ndiko nilikokutana na bibi mmoja wa Heru Juu, na habari yangu hasa ni yake.

Alikuwa mrefu, mwembamba, kitenge chake kimepigwa pasi hadi unaona mikunjo. Alikuja kwa miguu kutoka Heru Juu. Bodaboda hakuitaka, alisema inampandisha presha bure na nauli juu. Akifika dirishani haombi dawa kwanza. Anainama kidogo, anapiga makofi yake laini, mwakeye, halafu ananiuliza habari za nyumbani, habari za kulala, habari za mama yangu huko Tanga. Nilishawahi kumtajia goti la mama linalouma wakati wa mvua, na tangu siku hiyo kila mwezi aliuliza habari za lile goti. Nilimpenda, nasema wazi. Jumanne nilikuwa nachungulia foleni kumtafuta.

Presha yake lakini ilikuwa haisikii. Siku ya kwanza ilisoma mia na tisini kwa mia na kumi. Daktari akamwanzishia kidonge kimoja kila asubuhi. Mwezi uliofuata, palepale. Akaongezewa vikawa viwili. Ikashuka kidogo, ikagoma. Halafu bibi mwenyewe akasimulia, akicheka, kwamba asubuhi moja mkono wa kushoto ulikufa ganzi akaangusha sufuria ya uji, kuku wakafurahi. Daktari hakucheka. Alinifuata dirishani akaniambia, "Huyu bibi kiharusi kinamvizia. Tukifanya mchezo tutaletewa amelala upande mmoja, au tutaletewa taarifa ya msiba. Hebu muulize vizuri kama anameza."

Nikamuuliza. Akasema anameza.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na zinaisha?"

"Zinaisha zote, mwanangu." Akafungua fundo la kanga, akatoa karatasi tupu za vidonge, zimepangwa vizuri, hakuna hata kimoja kilichobaki. Na hesabu ya siku ilikuwa sawasawa.

Basi hapo ndipo niliporukwa na akili. Kwa sababu mimi dawa zile nazijua. Vidonge viwili kila siku, mwezi mzima, kwa mtu mwembamba vile, presha ingeinama tu. Kichwani mwangu jibu likawa moja: anazimwaga na kuniletea makaratasi. Na kwa kuwa nilimpenda, nikahisi ananicheza shere. Nikapandisha sauti. "Bibi, unanidanganya! Dawa hizi zingekuwa zinaingia tumboni mwako tusingekuwa hapa! Unazitupa chooni! Watu wanazitafuta dawa za serikali hawazipati, wewe unazitupa!"

Foleni nzima iligeuka kututazama. Kuna mwanamume mmoja alikuwa anaongea na simu, akaikata. Bibi alipokea bahasha ya mwezi huo, akaifunga kwenye fundo la kanga, akainama, akanipigia makofi yale laini ya kuaga, akaondoka. Nilitamani angenitukana. Yale makofi yalinikaa kifuani mpaka jioni, na jioni nilijiambia kwamba nimefanya kwa faida yake.

Mwezi uliofuata Jumanne yake ikafika, hakuja. Nikasema labda mvua. Jumanne ya pili, hakuja. Jumanne ya tatu sikuweza kula chakula cha mchana. Nilihesabu kwamba dawa zake zimekwisha wiki mbili nyuma, presha ile, mkono ule uliokufa ganzi, na aliyemfukuza ni mimi. Nikamwendea nesi wa kliniki, mwanamke mtu mzima, Muha wa palepale Kasulu, ambaye siku ile alikuwa amesikia kila neno. Hakunionea huruma.

"Nilikuwa nakusubiri uje mwenyewe," akasema. "Wewe mtoto wa pwani umemvua nguo bibi wa watu mbele ya watu. Mtu wa umri ule! Hakuna barua ya kliniki itakayomrudisha. Ni wewe uende, kwa miguu yako, ukamwombe radhi nyumbani kwake. Na usiende mkono mtupu."

"Niende na nini?"

"Sukari."

Jumamosi tukapanda bodaboda, tukapakiwa mshikaki, nesi katikati kwa madai kwamba ana mgongo, mimi nyuma nimekumbatia mashine ya presha na mfuko wa sukari wa kilo mbili. Barabara ya Heru Juu ilikuwa imenyeshewa. Mashamba ya maharage na mihogo yalikuwa yanang'aa kila upande, watu wanatusalimia kutoka kwenye matuta, na nesi anawaitikia wote kwa majina na kuwauliza habari za ndugu zao huku pikipiki inateleza. Mimi nilikuwa nasema bismillah tu.

Nyumba zilikuwa mbili, zimekaa pua kwa pua, na kiwanja kimoja kilichofagiliwa katikati. Bibi alikuwa nje anachambua maharage. Alikuwa mzima! Nilipomwona amekaa wima, mikono yote miwili inafanya kazi, machozi yalinitoka hata kabla sijasalimia. Nikapiga magoti kwenye udongo mwekundu nikasema, "Bibi, nisamehe. Nilikukosea adabu. Hasira zangu ni mbaya, hata mama yangu anazijua."

Akaacha kuchambua maharage. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Uliniambia natupa dawa. Mimi tangu nizaliwe sijatupa hata punje ya chumvi."

"Nisamehe bibi."

"Inuka, utachafua nguo. Goti la mama linaendeleaje?"

Nikainuka nikicheka na kulia. Nesi akamkabidhi sukari kwa mikono miwili. Na hapo bibi akafanya jambo ambalo sikulielewa kwanza. Hakuingiza sukari ndani. Aliita kuelekea nyumba ya pili, na mlangoni akatokea bibi mwingine, mfupi, mnene, mchangamfu, ana bakuli mkononi tayari, maana alikuwa ameshatuchungulia. Bibi wetu akaleta bakuli lake. Wakakaa chini wakitazamana, mfuko ukafunguliwa, kikombe cha chai kikaletwa. Kikombe huku, kikombe kule. Kila kikombe kinasawazishwa juu kwa kisu. Mwishoni ikabaki sukari isiyojaza kikombe, wakaigawa kwa kijiko, na ilipobaki isiyojaza kijiko, bibi mnene akalamba kidole nusu, akamwachia mwenzake nusu.

Nesi akaninong'oneza kwamba hao ni wake wenza. Bi mkubwa ndiye mgonjwa wetu, bi mdogo ndiye huyu. Mume wao alikuwa ameshafariki miaka mingi nyuma.

"Mzee ndiye aliyetufundisha," bi mkubwa akasema alipoona nimeduwaa. Mzee wao, alieleza, alikuwa mkulima wa kahawa, na alikuwa na kanuni moja tu: kila kinachoingia kiwanjani kinakatwa katikati. Akitoka gulio la Buhigwe na vitenge, ni viwili, rangi moja. Kuku akichinjwa, anapasuliwa mgongoni kwa kipimo. Siku moja alikuta mwavuli mzuri sana lakini umebaki mmoja tu dukani, akauacha. Mvua za mwaka ule wakalowa wote watatu. Bi mdogo akadakia kwa Kiha, nesi akatafsiri: alisema walikuwa wanalowa kwa usawa. Wakacheka hao, wakapigana mabegani, na mimi nikacheka nao mpaka ghafla nikazikumbuka zile karatasi tupu za vidonge.

"Bibi," nikasema polepole. "Na vidonge?"

Akanishangaa. "Vidonge nini?"

"Vidonge vyangu. Vya presha. Navyo mnagawana?"

"Kila kitu," akasema, na alisema kwa fahari. Akaingia ndani akaniletea wembe uliofungwa kwenye kitambaa safi. Mwezi wa kwanza, alipopewa kimoja cha kila siku, alikikata kwa wembe kila asubuhi, nusu yake, nusu ya mwenzake. Baadaye daktari alipoongeza vikawa viwili, alishukuru sana, kwa sababu sasa hakukuwa na haja ya wembe. Kimoja kwake, kimoja kwa bi mdogo. Ndiyo maana zilikuwa zinaisha zote, siku sawasawa. Bibi wa watu hakuwa amesema hata neno moja la uongo.

Nikamgeukia bi mdogo. "Na wewe unaumwa presha?"

"Nilikuwa naumwa," akajibu. "Tulivyoanza dawa, kichwa kikawa chepesi, dunia inazunguka. Siku moja nikaanguka kwenye matuta ya maharage, nikakaa huko mpaka jua likapanda. Dawa zilivyokwisha, nikapona."

"Yeye dawa zimemkubali kuliko mimi," bi mkubwa akaongeza, kwa wivu kidogo.

Nilitaka kupiga kelele ambazo zingesikika mpaka mjini. Kumnywesha mtu mzima mwenye afya zake dawa ya presha mpaka anaanguka shambani! Nesi alinifinya paja, na alinifinya kweli, alama ilikaa siku nne. Nikatoa mashine.

Bi mkubwa: mia na tisini na tano kwa mia na kumi na mbili. Nesi akanitazama, nami nikamtazama. Ilikuwa mbaya kuliko siku ya kwanza. Bi mdogo: mia na kumi na tano kwa sabini na tano.

"Huyu hana presha," nikasema. "Hana kabisa. Ana moyo wa msichana."

Ungedhani nimetangaza msiba. Bi mdogo aliangalia mkono wake uliopimwa. "Sina? Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Mpime tena," bi mkubwa akaamuru. Nikampima tena. "Mpime mkono wa pili." Nikapima wa pili. Mashine haikubadili maneno. Wote wawili wakatazama chini, nami nikaanza kueleza kama nilivyofundishwa kueleza: presha ni nini, kiharusi ni nini, dawa ya mtu mmoja haimfai mwingine, bi mdogo anaweza kuanguka akapasuka kichwa, bi mkubwa nusu dawa haimtoshi, anaweza kuanguka asiinuke. Nesi akatafsiri yote. Nikatoa kwenye begi bahasha mpya niliyokuja nayo, nikaiweka mikononi mwa bi mkubwa. "Hii ni yako peke yako, bibi. Viwili kila asubuhi, vyote wewe."

Akaitazama. Kisha akairudisha mapajani mwangu.

"Basi naacha," akasema.

"Unaacha nini?"

"Dawa. Siwezi kumeza kitu mwenzangu ananitazama."

Nikamwambia ni dawa, si nyama. Akasema kinachoingia kiwanjani kinagawanywa. Nikamwambia atakufa. Akasema kila mtu atakufa. Nikamwambia mzee mwenyewe angekuwepo angemwambia ameze. Hapo akanyoosha mgongo, akaacha Kiswahili, akaongea Kiha, kwa sauti ya chini, muda mrefu. Nesi alitoa leso akafuta pua kabla ya kutafsiri.

"Anasema hivi," nesi akaanza. "Mungu hakumpa mtoto. Alikaa ndani ya nyumba hii miaka saba hana, ndipo mzee akamwoa huyu wa pili. Huyu akazaa wanne. Wa kwanza alipoacha ziwa, huyu alimchukua na nguo zake na kikombe chake, akavuka kiwanja, akamweka pale mlangoni kwake. Akamwambia, huyu ni wako, anayefuata ni wangu. Wa tatu hivyohivyo. Hakuna aliyemtuma. Mzee alirudi shambani akakuta mtoto ameshahama. Anasema wale wawili ndio wanaomwita mama mpaka leo, ndio waliomjengea bati. Anakuuliza wewe: mtu aliyenigawia watoto, nimnyime kidonge?"

Wallahi nilitafuta jibu kwenye kemia, hakuna. Nilimkumbuka yule mwalimu mpole mwenye miwani, nikajuta kwa dhati kwamba nilikuwa nachati chini ya meza, maana labda siku moja aliwahi kusema la kufanya ukifika hapa. Nilikaa tu kwenye kigoda nikamshika bi mkubwa ule mkono wa kushoto, nikalia waziwazi. Nilimwambia, "Bibi, sitaki ufe." Huo ndio ushauri nasaha niliotoa siku ile.

Nesi alinivuta pembeni akanipa wazo. Tumpe bi mdogo vidonge vya vitamini, vyekundu, vizuri, havina madhara, wagawane kwa amani. Nikiri tena: nilivitamani. Vilikuwa ndani ya begi. Lakini nilikuwa nimetoka kupiga magoti kwa kumwita mtu mwongo, na sikuwa tayari kumdanganya mwenzake nusu saa baadaye. Na siku akijua? Atakuja tena kwenye dirisha la nani? Nikamwambia nesi hapana.

Bi mdogo ndiye aliyetuokoa. Wakati sisi tunanong'ona yeye alikuwa amechukua ile bahasha, ameifungua, anavigeuza vidonge kwenye karatasi yake, anavibonyeza kwa kidole gumba kujaribu. Akauliza kwa Kiswahili, "Siku zote anayevitoa ni yeye. Hivi vinatolewaje humu? Vigumu."

"Unasukuma kwa nyuma," nikamwonyesha.

"Na lazima asubuhi?"

"Kila asubuhi. Asiruke."

"Na huyu anasahau," akasema, akimnyooshea mwenzake kidevu. "Mimi ndiye nilikuwa namkumbusha. Kwanza akiona hakuumwa kichwa anataka kuruka." Bi mkubwa akakana. Bi mdogo akaendelea bila kumjali. "Sikilizeni. Ugonjwa mmekataa kunigawia, sawa. Tugawane kazi. Dawa zikae kwangu. Asubuhi anakuja kunisalimia, tangu zamani anakuja. Mimi navitoa, namimina uji, nampa mkononi. Yeye anameza. Kazi ya kumeza yake, kazi ya kukumbuka yangu. Hapo nani kapunjwa?"

Bi mkubwa alikaa akilipima jambo hilo. Nilimwona kabisa analipima, anasawazisha kikombe huku na kikombe kule. "Uji wa nani?" akauliza.

"Siku moja wangu, siku moja wako."

"Na sukari?"

"Vilevile."

Hapo bi mkubwa akaanza kucheka, mabega yanatikisika, na bi mdogo akacheka, na nesi akapiga kigelegele. Palepale, mbele yetu, vidonge viwili vikatolewa kwa shida na kidole gumba kinene, vikawekwa kwenye kiganja kirefu chembamba, bi mkubwa akavitupia mdomoni akashushia maji. Bi mdogo akamwambia afungue mdomo auone. Akaufungua. Nilitamani wagonjwa wangu wote wawe na mtu wa kuwakagua mdomo hivyo.

Mwezi ule sikulala vizuri kila Jumatatu. Jumanne yake ilipofika niliwaona kutoka mbali, wawili kwenye foleni, mmoja mrefu mmoja mfupi, wote wamevaa kitenge cha rangi moja. Daktari alimpima, akampima tena, akatoka na cheti mkononi kuja kunionyesha mwenyewe. Mia na arobaini na sita kwa tisini. Bado haijafika tunapotaka, ila ilikuwa imeinama. Nilitoa vigelegele vya Tanga ndani ya chumba cha dawa, vya harusi, watu wa foleni wakadhani nimeposwa. Mwezi uliofuata ikafika mia na thelathini na nne kwa themanini na mbili, na mkono wa kushoto ukaacha kufa ganzi.

Siku hiyo bi mdogo ndiye aliyesogea dirishani kuchukua dawa, bi mkubwa nyuma yake amesimama amepumzika. Nilikuwa nimeshaandika bahasha. Akaipokea, akaisoma kwa kidole, herufi moja moja, akanirudishia.

"Umeandika jina lake tu."

"Ndiyo mama. Bahasha inaandikwa jina la mgonjwa."

"Mgonjwa ni yeye," akasema. "Dawa ni yetu. Andika na langu."

Nilianza kumweleza utaratibu. Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu, mtu mmoja akaguna, na ukaguzi wa stoo ulikuwa kesho yake. Bi mdogo hakusogea. Aliweka viwiko vyake viwili kwenye dirisha langu akasubiri, na bi mkubwa akaweka mkono wake wa kushoto, ule mzima sasa, begani kwa mwenzake.

Nikachukua bahasha mpya. Nikaandika jina la bi mkubwa, nikaandika jina la bi mdogo, moja chini ya jingine, herufi za ukubwa mmoja. Na pale tunapoandika maelekezo nikaandika: asubuhi, vidonge viwili, mmoja ampe, mmoja ameze.